Naomba ushauri: tairi la ndani linapungua upepo polepole, shida ni sensa au mrija wa valvu?

Habari zenu wakuu. Motahomu yangu (gari lenye makazi ndani yake) ina matairi pacha nyuma, yaani mawili mawili kila upande, na la ndani upande mmoja linanisumbua. Nalijaza hadi psi 80 likiwa limepoa, baada ya siku chache sensa ya kupima upepo inasoma 72 au 73. Ubaridi wa asubuhi nimeuondoa kwenye hesabu, maana la nje pembeni yake halishuki hivyo.

Sensa ni zile za kufunga juu ya valvu. Kwa kuwa tairi limejificha ndani, kuna mrija wa kurefusha valvu na sensa imekaa kwenye ncha yake. Hapo ndipo penye shaka yangu: ule uzito unatikisika muda wote gari likiwa barabarani.

Sensa yenyewe haidanganyi, nimeilinganisha na geji ya mkono zikakubaliana. Fundi alizamisha tairi kwenye maji, hakuna kilichotoka, ila alilizamisha bila mrija wala sensa (nadhani mnaona tatizo). Nilipopaka maji ya sabuni, vilitokea vipovu vidogo mno pale sensa inapoungana na mrija, vya kusubiri sana ndipo uvione. Nikabadilisha kimpira cha ndani ya sensa. Bado linapungua.

Sasa, nitoe mrija kabisa niweke valvu ndefu ya chuma, au kuna kitu cha kukagua kwanza? Na je, uvujaji unaotokea gari likiwa kwenye mwendo tu, mnaupimaje?