Jioni ya baridi ufukweni, mbona rangi inapotea kwenye picha?

Habarini wakuu, nipo Uingereza, juzi nimeenda Cuckmere Haven kupiga picha yale majabali meupe ya chokaa yanaitwa Seven Sisters, ufukwe mtupu kabisa, Desemba hii saa kumi jioni jua ndo linazama. Kwa macho jabali lilikuwa kama limepakwa asali, kwenye picha limepauka. Nakosea wapi?

Jibu: Mkuu hiyo ni auto ya rangi (white balance), yaani kamera inajipangia rangi yenyewe, inaona ule unjano inadhani ni kosa inausawazisha. Hiyo white balance weka kwenye alama ya jua, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), halafu punguza mwanga kidogo maana ile chokaa nyeupe ikishaungua, yaani ikitoka nyeupe tupu kwenye picha, hairudi.

Jibu: Na usikazanie jabali tu, inama mpaka chini. Jua la msimu huu linapita chini chini kwa hiyo kila kokoto ina kivuli chake kirefu, na zilizolowa zinang'aa hadi raha. Nenda maji yakipwa, ila usisimame chini ya jabali, huwa linaporomoka.

Muulizaji: Asanteni sana, narudi Jumamosi. Betri nayo ilikata mapema.

Jibu: Baridi hiyo. Ya akiba weka mfuko wa ndani, karibu na mwili.