Re: Tiketi ya spidi Texas, kozi inamsaidia nani?

> Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimepigwa tiketi hapa Houston, maili 78 kwa saa kwenye barabara ya 60. Naambiwa nisome kozi ya udereva wa kujihami ifutwe. Mume wangu naye kapigwa ya kwake, tena na gari letu la nyumbani, ila ana CDL, ile leseni ya kuendesha malori na magari makubwa ya biashara. Tusome wote?

Dada, wewe soma. Shemeji hapana.

Nianze na shemeji, maana hapo ndipo madereva wetu wengi wa malori wanajikwaa. Mwenye CDL hapewi kozi hata kama siku ile alikuwa anapeleka watoto shule na gari dogo. Inaangaliwa leseni aliyokuwa nayo siku ya kosa. Na asiseme hakimu mkali: sheria ya shirikisho inazikataza mahakama kulificha kosa la mwenye leseni hiyo lisionekane kwenye rekodi yake. Hata ule mpango wa kuwekwa chini ya uangalizi kisha kesi ikafutwa, kwake umefungwa. Asikimbilie kulipa mtandaoni ili yaishe. Kulipa ni kukiri. Aongee kwanza na wakili wa trafiki, kwa sababu njia iliyobaki ni kupinga shtaka lenyewe.

Sasa wewe. Tazama tarehe ya kuripoti kwenye tiketi. Ombi lifike mahakamani siku hiyo au kabla. Humo unakiri kosa au unasema hupingi. Ukiandika huna hatia, umechagua kesi. Tarehe ikipita, kilichokuwa haki yako kinageuka hisani ya hakimu. Ambatanisha leseni na bima iliyo hai.

Umezidisha maili 18, uko salama. Ukizidisha 25 au ukafika 95, kozi hakuna. Vilevile kwenye eneo la ujenzi lenye wafanyakazi, au ukilipita basi la shule lililosimama kushusha watoto. Na uwe hujaitumia kozi hii kufuta tiketi nyingine katika miezi 12 kabla ya kosa.

Kozi ni saa 6, mtandaoni wanakubali, ila hakikisha imeidhinishwa na TDLR, idara ya leseni na usimamizi ya Texas. Una siku 90 za kurudisha cheti pamoja na rekodi yako ya udereva aina ya 3A kutoka DPS, idara ya usalama ya Texas inayotoa leseni za udereva. Watu wanamaliza kozi, wanasahau hiyo rekodi, kesi inabaki wazi! Na msidhani ni bure, gharama za mahakama unalipa.

> Kaka, mdogo wangu kaja majuzi kutoka Mombasa, anaendesha kwa leseni ya Kenya. Naye je?

Hapana. Wanataka leseni ya Texas. Wanaosamehewa ni wanajeshi walio kazini, wenzi wao na watoto wanaowategemea. Mhimize aanze taratibu za leseni, mkazi mpya ana siku 90 tu.

Dada, nilisahau: cheti huja na nakala ya kampuni ya bima. Itume, baadhi yao wanapunguza malipo.