Swayambhunath na mtoto wa miaka 2: tupande ngazi au tupitie nyuma?

Wakuu, naomba ushauri. Tunaipeleka familia Swayambhunath, hekalu la Kibudha juu ya kilima, magharibi mwa Kathmandu, Nepali. Ngazi ya mashariki ina vidato 365, na karibu na kileleni inasimama wima, vidato vyembamba. Kigari cha mtoto hakifai kabisa. Mtoto ana kilo 12: nikimfunga mbeleko mgongoni, hatanivuta nyuma tukiwa tunapanda? Au teksi itushushe upande wa magharibi, vidato vichache?

Linalonitia hofu zaidi ni tumbili. Wakiona biskuti mkononi wanapora, na mtoto wa umri huo haachii. Akiparuzwa au kung'atwa, ni kukimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa. Alishwe garini kwanza?