Leseni ya Tanzania, viza ya mwenza, Uingereza: nitumie mwaka wa ruhusa, nianze upya sasa hivi, au nisome oto?

BintiChumbageni
Habari za jioni ndugu zangu. Nimeingia mji wa Reading wiki ya tano sasa, nimemfuata mume wangu kwa viza ya mwenza. Leseni yangu ni ya Tanzania, daraja D, na nimeendesha miaka saba, Tanga na Dar, muda wote gari la oto, lisilo na klachi. Mtoto wetu ana miezi tisa. Mume huchukuliwa na mwenzake alfajiri, gari linabaki mbele ya mlango mpaka jioni, nami naliangalia dirishani tu.

Juzi tulikuwa na kliniki. Mvua inanyesha, basi la kwanza likatupita maana nafasi ya vigari vya watoto imejaa, la pili likachelewa, tukafika zamu yetu imeshapita. Nililia pale kituoni. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka watu hospitali.

Nimeambiwa mambo matatu. Shemeji yangu anasema niendeshe tu, leseni ya nyumbani inakubalika mwaka mzima. Jirani anasema nianze moja kwa moja na leseni ya muda, ile ya mwanafunzi wa udereva, na mwalimu, niachane na ile ya Tanzania. Mume anataka anifundishe mwenyewe, ila gari lake ni la gia za mkono na klachi mimi niliigusa mara ya mwisho chuoni. Kipi kina nafuu, kwa pesa na kwa muda?

MamaWawili_Leicester
Karibu sana dada, na pole kwa hiyo siku ya mvua. Mimi nilikuja na leseni ya Kenya, na kwa hili Kenya na Tanzania tuko kapu moja: leseni zetu hazibadilishwi hapa. Kuna orodha ya nchi ambazo leseni zao unazipeleka DVLA, idara ya serikali ya leseni za udereva, na kupewa ya Uingereza bila mtihani, Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, sisi hatumo. Kwa hiyo mtihani utaufanya tu, utake usitake. Swali ni utaufanya ukiwa na haraka au ukiwa na nafasi.

Shemeji yako amesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ruhusa ni miezi 12 tangu ulipoanza kuishi hapa. Kwenda nyumbani likizo na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Kile kitabu cha kibali cha kimataifa ambacho watu hununua Nairobi au Dar hakikuongezei hata siku moja. Siku ya kwanza baada ya miezi 12 wewe ni dereva asiye na leseni, na bima inaweza kukukana. Ukikamatwa huna bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ukiomba leseni ya muda ndani ya ule mwaka, huipotezi ruhusa yako. Unaendelea kuendesha peke yako, bila kibao cha L cha mwanafunzi na bila mtu wa kukaa pembeni, mpaka miezi 12 iishe. Kwa hiyo shauri la shemeji na la jirani hayapingani hata kidogo. Yafuate yote mawili, na uombe wiki hii.

Mimi sikufanya hivyo. Nilistarehe miezi tisa, nikaomba mwezi wa kumi, na foleni ya mtihani wa barabarani ilikuwa ya miezi. Nilikaa nusu mwaka nikitembea kwa miguu huku gari letu limepaki nje. Sitamani mwingine apitie hayo.

BintiChumbageni
Asante dada, hili la kuomba bila kupoteza ruhusa hakuna aliyeniambia! Kuomba kwenyewe ni kwa namna gani?

MamaWawili_Leicester
Mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali, pauni 34. Ukituma kwa posta ni 43. Masharti ni uwe na ruhusa ya kukaa siku 185 au zaidi, na viza ya mwenza inatosha. Watakuuliza anwani zako zote za miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo na ya Tanga utaiandika. Mimi niliandika mtaa na S.L.P., ikapita.

Angalia sana tovuti. Kuna nyingine zinafanana na ya serikali, zinakutoza zaidi kwa kazi ileile. Mtihani wa nadharia ni pauni 23, wa barabarani ni 62 siku za kazi na 75 jioni au wikendi. Ukiona bei nyingine, toka.

Kipilefti_MK
Niingilie hapo kwenye gia. Niko Milton Keynes, mji wa vipilefti, ukitoka kimoja unaingia kingine, na hapa ndipo nilipofanyia mtihani.

Ukifaulu kwa gari la oto, leseni yako ni ya oto tu. Gari la bwana wako hutaliendesha peke yako kihalali ruhusa ya mwaka ikishakwisha, mpaka ufanye mtihani mwingine. Ukifaulu kwa gia za mkono, unaendesha yote. Kwa hesabu hiyo watu wengi watakuambia usome klachi. Mimi nakuambia kinyume, na nina sababu. Una miaka saba ya oto. Ukiingia kwenye klachi leo, akili yote itashuka mguuni, halafu kioo hutakiangalia, bega hutageuza, na mtahini anataka kuona hayo zaidi ya kitu kingine. Mke wangu alihangaika na klachi miezi mitano akafeli mara mbili. Tuliuza gari, tukanunua oto kuukuu, akasoma masaa kumi na moja, akafaulu. Na magari ya umeme hayana klachi kabisa, kwa hiyo huko tuendako ni oto.

Ubaya wake ni kwamba walimu wa oto ni wachache na saa moja huwa ghali zaidi. Sisi tulilipa pauni 38, wakati wa gia za mkono mtaa huohuo alikuwa 34.

Shemeji_wa_Wote
Kaka wa Milton Keynes, nakuheshimu, lakini si kila nyumba inaweza kuuza gari na kununua jingine. Dada ameshasema gari lipo mlangoni. Kulisajili jina lake kwenye bima ya hilo gari ni rahisi kuliko kununua la pili lenye bima yake na kodi yake.

Dada, kabla hujawasha hilo gari, mume apige simu bima waambiwe wazi: dereva wa pili, leseni ya Tanzania, amefika mwezi fulani. Kampuni nyingine zinakataa leseni za nje, nyingine zinapandisha bei sana. Kuendesha kwa ruhusa ya sheria bila jina lako kwenye bima ni kosa lilelile la kutokuwa na bima.

Kuhusu mume kufundisha: sheria inakubali awe na umri wa miaka 21 kwenda juu na leseni kamili kwa miaka mitatu. Kwa sasa wewe hata humhitaji kisheria, lakini kwa kuzoea barabara za mtaani mtakaa naye. Mimi nilimfundisha mke wangu na tulikosana vibaya kwenye mlima mmoja gari lilipozimika, nyuma kuna lori. Mwishowe tuligawana kazi: mwalimu saa moja kwa wiki kwa mambo mapya, mimi Jumapili asubuhi kwa mazoezi ya yaleyale, na nikaahidi kutofungua mdomo isipokuwa kwa hatari. Hapo ndipo mambo yalipokwenda.

NjiaYaBukavu
Jambo, miye niko Sheffield, nilitoka Bukavu kumfuata bwana yangu. Kwetu tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo mwenzangu wa Tanga una bahati, upande wa kushoto umeuzoea. Miye wiki za kwanza nilifungua mlango wa abiria kila siku nikidhani usukani uko huko.

Ningependa kusema juu ya mtihani wa nadharia, maana wote mmeupita haraka, na kwetu tusio wazoefu wa Kiingereza ndipo mlima ulipo. Zamani watu walisikiliza maswali kwa lugha nyingine au kuja na mkalimani. Hayo yaliondolewa mwaka 2014. Sasa ni Kiingereza, na Kiwelshi. Maswali ni 50, dakika 57, lazima upate 43. Kisha video 14 za barabara, unabonyeza unapoona hatari inaanza kujitokeza, unatakiwa pointi 44 kati ya 75. Ukibonyeza ovyoovyo kila sekunde, mashine inakupa sifuri kwenye video hiyo.

Nilifeli mara ya kwanza kwa pointi tatu. Sikufeli barabara, nilifeli maneno. Swali linasema ukingo wa barabara, bega la barabara, kivuko, na kila kimoja kina jina lake ambalo darasa la Kiingereza halifundishi. Nilinunua daftari, kila ukurasa alama moja, nachora mwenyewe, naandika jina la Kiingereza chini na Kiswahili pembeni. Bwana yangu aliniuliza jioni tukipika. Mara ya pili nilipata 48. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka miwili, kwa hiyo fanya mapema hata kama gari hujaamua.

Pwani_hadi_Birmingham
Kwa anayesoma akiwa bado Ghuba: Falme za Kiarabu ziko kwenye ile orodha ya kubadilisha. Mimi Mkenya, lakini nilisoma na kufanya mtihani Dubai nikiwa kazini, na nilipoolewa huku nilituma leseni ile, nikapata ya Uingereza. Unatakiwa ubadilishe ndani ya miaka mitano tangu uanze kuishi hapa.

BintiChumbageni
Nasoma kila neno, Mungu awabariki. Dada wa Leicester, wewe ulifaulu mara ya kwanza? Nami miaka saba nadhani barabarani sitaogopa.

MamaWawili_Leicester
La, nilifeli, na ni kwa sababu ya hiyo miaka. Wakati huo ilikuwa kumi, Mombasa.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nikasoma namba ya gari umbali wa mita 20, nikajibu swali la mtahini kuhusu matairi. Tukatoka. Dakika ya kumi na tano hivi tunakikaribia kivuko cha pundamilia, bibi mmoja amesimama ukingoni na mkokoteni wake wa sokoni, hajakanyaga barabara. Nikapita. Mombasa ukimsimamia mtu asiyevuka, wa nyuma atakuingia. Nilisikia breki ikienda chini na mguu wangu haukuwa juu yake, ni mtahini aliyekanyaga ya upande wake. Hakusema neno. Makosa madogo unaruhusiwa hadi 15, hilo ni kosa kubwa, na moja tu linatosha.

Basi miguu ya mazoea ndiyo inayotusaliti. Mkono mmoja kwenye usukani, kupiga honi ya salamu, kutogeuza shingo kuangalia bega la kulia kabla ya kuondoka kwa kuwa kwetu hatari ni bodaboda wa kushoto. Ndiyo maana nasema hata ukiendesha kwa leseni ya Tanga, mlipe mwalimu masaa mawili matatu mwezi huu, si mwezi wa kumi. Mwambie: mimi najua kuendesha, nionyeshe ninachokosea.

BintiChumbageni
Nimeelewa. Nimeomba leseni ya muda sasa hivi, mtoto amelala. Mume anapiga simu bima kesho mchana. Kwa klachi tumekubaliana nijaribu wiki nne, mguu ukikataa nasoma oto bila kuona aibu. Kuna mwalimu mwanamke Reading anayemjua yeyote? Ningejisikia huru zaidi.

Pwani_hadi_Birmingham
Wifi yangu yuko Reading, alisoma kwa mama mmoja mvumilivu sana. Namuuliza usiku huu kama bado anafundisha, nakutumia inbox.