Mbunge wa kijijini tumpime kwa misiba au kwa Bunge? Mimi na mzee hatuelewani

Kijana wa Ng'ambo:

Mwangaluka wadau. Nina swali, naomba wenye uzoefu mnijibu, hasa nyie mliowahi kukaa karibu na ofisi ya mbunge au halmashauri.

Mi nafanya kazi hapa Mwanza mjini ila kwetu ni ng'ambo, ukishavuka Kigongo-Busisi unaiacha lami unaingia vumbi mpaka ziwani. Majuzi nilienda kumwona mzee, sa hivi daraja limefunguliwa tangu Juni 2025 kuvuka ni dakika chache tu, zamani foleni ya kivuko ilikuwa inakula nusu siku. Tukiwa tunakula tukaanza kuongelea mbunge wetu wa zamani, jina siliweki, alikaa vipindi viwili. Mzee anasema yule ndo alikuwa mbunge, kwa sababu bibi alipofariki alikuja, akakaa chini na wazee pale kwenye turubai, akatoa rambirambi na gunia la mchele, na alikuwa anawajua watu kwa majina. Nikamwambia baba ni kweli alikuja na mi nilikuwepo na nilimshukuru, lakini kalavati lililobebwa na mvua nikiwa form two mpaka leo watu wanapita kwenye magogo, mjamzito anapakiwa kwenye bodaboda usiku anashushwa anavuka kwa miguu anapanda bodaboda nyingine upande wa pili, sasa miaka 10 yote ile huko Dodoma alikuwa anafanya nini? Mzee akaacha kula. Akasema umesoma ila hujui kuishi na watu.

Imeniuma maana mzee wangu namheshimu sana na sijawahi kumfanya aache chakula. Sasa naomba kuelewa. Kazi ya mbunge wa jimbo la kijijini ni ipi hasa? Hela ya barabara anayo yeye? Na mtu wa kawaida anajuaje kama mbunge wake alifanya kazi au alikaa tu?

Ngosha wa Magu:

Mzee yuko sahihi, mpigie umwombe radhi. Mbunge asiyekanyaga msibani shida zako atazijulia wapi?

Katibu Mstaafu:

Kijana nimefanya kazi ofisi ya mbunge jimboni miaka 6, huku huku Kanda ya Ziwa, acha nikueleze nilichokiona kwa macho.

Mbunge akitoka Dodoma akalala kwake, saa 11 alfajiri getini watu washakaa. Huyu ada ya mtoto, huyu nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bugando, vijana wanataka jezi na mpira, kanisa limebakiza bati, msikiti nao umebakiza bati, na kuna mtu kafiwa anataka sanduku. Mi ndo nilikuwa naandika kwenye daftari. Siku moja niliandika watu 63 kabla ya chai. Yote hayo sheria haimtaki ayafanye, lakini asipoyafanya wajumbe wa chama wanamsubiri kwenye kura za maoni za kumpata mgombea, na kwenye majimbo mengi ya huku kura za maoni ndo uchaguzi wenyewe. Nimeshuhudia bosi wangu akikopa ili atoe rambirambi. Sisemi ili umwonee huruma, nasema ili ujue muda na akili yake vinaenda wapi.

Sasa kazi yenyewe. Mbunge HANA fungu la barabara. Soma Katiba ibara ya 99, Bunge haliwezi kushughulikia jambo la kuongeza kodi au la kutoa hela kwenye mfuko mkuu wa Serikali mpaka Rais apendekeze kupitia waziri. Kwa hiyo anayekuja kijijini kwenu kuomba kura anasema "nitawajengea lami", huyo anawaahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwake. Alichonacho ni mdomo, kura yake na vikao. Anauliza swali la msingi asubuhi, anapewa na ya nyongeza, anachangia bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni, na wakati wa kupitisha fungu la mshahara wa waziri anaweza kushika shilingi, yaani kuzuia mshahara huo usipite, mpaka apewe maelezo. Wengine wanaishika kwenye mic halafu wanaiachia kabla waziri hajamaliza sentensi ya kwanza, hapo ndo utamjua nani yuko kazini.

Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulikuja kwa sheria ya mwaka 2009, mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake lakini hela inaingia halmashauri, haiingii mfukoni kwake, na ni ya kusukuma vitu ambavyo wananchi wameshaanza, darasa limefika kwenye linta, zahanati haina paa, kisima. Hela yenyewe ni ndogo ukiigawa kwa vijiji vyote, lami haijengi. Ila wananchi wana haki ya kujua ilienda wapi na hawaulizi kabisa, na hili linaniumiza mpaka leo maana taarifa tulikuwa tunaandaa zinakaa kabatini.

Kalavati lenu sasa. Kwanza jua barabara ni ya nani. Kama ni ya wilaya iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017 chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kama ni ya mkoa iko TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, chini ya Wizara ya Ujenzi. Mbunge anayeuliza wizara isiyohusika anapoteza swali lake. Halafu kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, wabunge wanaingia kule, na barabara ikitakiwa kupandishwa hadhi kutoka wilaya kwenda mkoa safari inaanzia kwenye vikao hivyo, sio kwenye mkutano wa hadhara. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Vikao hivi havina kamera, hakuna anayepiga makofi, na wengi wanatuma udhuru. Mi ningempima mbunge hapo.

Mzee wa Nansio:

Katibu kaeleza vizuri nami naongeza ya zamani kidogo, maana vijana mnadhani wananchi wa kanda hii wameanza juzi kuwapima wabunge.

Mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja tu TANU, karibu kila jimbo wagombea wawili, mmoja alama ya jembe mwingine nyumba. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, mtu mkubwa, aliyejenga ushirika wa pamba hapa Mwanza tangu enzi za mkoloni, na wananchi walimwangusha. Waziri wa Fedha! Nyerere alimrudisha kwa uteuzi lakini kura zilikuwa zimeshasema.

Kwetu Ukerewe tulikuwa na mama Getrude Mongella, aliyeongoza ule mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, akawa mbunge wetu kuanzia 2000, na 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Dunia nzima inamjua. Mwaka 2010 jimbo likaenda upinzani, 2015 likaenda upinzani tena, 2018 huyo mbunge wa upinzani aliyeshinda 2015 akahamia CCM. Na ukihama chama ubunge unakufa hapo hapo, ndivyo Katiba inavyosema, kiti kinagombewa upya. Sifa za nje mkulima wa muhogo kisiwani hazimsaidii kama kivuko hakiko salama, na sisi tulizika watu zaidi ya 200 MV Nyerere ilipozama Septemba 2018 pale Ukara, kwa hiyo tunapouliza mbunge amesema nini kuhusu vivuko tunauliza habari za roho za watu.

Halafu kuna Magufuli. Mwalimu wa kemia Sengerema sekondari, akafanya kazi chama cha ushirika cha Nyanza, 1995 akawa mbunge wa Biharamulo Mashariki, jimbo ambalo baadaye ni Chato, na siku zilezile za mwanzo akapewa unaibu waziri wa Ujenzi. Miaka 20 jimboni mpaka anakuwa Rais. Chato ilipata vitu, hilo halina ubishi. Lakini hapo nawauliza wadau, ilivipata kwa sababu ya mbunge au kwa sababu mbunge alikuwa serikalini? Jimbo ambalo mbunge wake hana uwaziri lenyewe lifanyeje?

Mama wa Dagaa:

Naomba na mimi niseme maana wote mliochangia ni wanaume.

Sisi wanawake wa mwaloni mkutano wa hadhara hatupewi mic. Wanaongea wenye mitumbwi, wenye injini, viongozi wa chama, jua likizama mkutano umeisha. Mimi mbunge nilimpata msibani. Jirani yetu alifiwa na mume ziwani, mbunge akaja, usiku amekaa kwenye mkeka nikamsogelea nikamwambia mheshimiwa shikamoo, dagaa zetu tunaanika chini kwenye mchanga, mvua ikinyesha siku mbili zinaoza, zinabaki chakula cha kuku, bei inashuka zaidi ya nusu, tunaomba vichanja. Akatoa daftari akaandika. Nikasema haya, wote huwa wanaandika.

Miezi kadhaa baadaye nikiwa naanika, redio imewashwa, nikasikia swali la mbunge wetu anauliza habari ya vichanja vya wanawake wachakataji wa dagaa, na maneno ni yangu kabisa, mpaka lile la chakula cha kuku. Nililia nikiwa nimeshika beseni. Waziri akajibu yale majibu yao. Vichanja vilikuja mwaka uliofuata kupitia halmashauri, vichache, tunapokezana kwa zamu mpaka leo.

Kwa hiyo mwanangu usimkatalie baba yako moja kwa moja. Msibani ndo mahali pekee mtu kama mimi namfikia. Ila muulize baba yako, mlipokaa naye pale kwenye turubai, kuna mtu alimwambia habari ya kalavati?

Kijana wa Ng'ambo:

Mama shikamoo, asante sana. Hilo swali limenikaa. Jana usiku nilimpigia mzee nikamwomba radhi kwanza, halafu nikamuuliza. Akanyamaza muda mrefu, akasema "siku ile tuliongea habari za bibi yako, na yeye alituuliza shida za kijiji, tukasema tunashukuru, hatuna neno."

Kingine, nimeingia tovuti ya Bunge nikatafuta Hansadi, zile kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, za miaka ile, imenichukua mpaka saa 8 usiku. Jamaa aliuliza habari ya barabara yetu MARA MBILI. Mi nilikuwa nasema hakufanya kitu na nilikuwa nimekosea. Mara zote alijibiwa itajengwa kulingana na upatikanaji wa fedha, na nimesoma mpaka mwisho sijaona popote akirudi kuuliza tena wala kushika shilingi. Nimezichapisha hizo kurasa, Jumamosi navuka nakwenda kumsomea mzee maana macho yake hayaoni maandishi madogo.

Katibu naomba unisaidie kitu kimoja. Nikitaka kujua ile barabara yetu iko TARURA au TANROADS naanzia kwa mtendaji wa kata au naenda halmashauri moja kwa moja? Na diwani wetu anaruhusiwa kunionyesha taarifa ya Mfuko wa Jimbo?

Katibu Mstaafu:

Anza kwa diwani, mwambie aombe kwenye baraza, akikuzungusha nenda kwa mkurugenzi na barua, uwe na nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa. Barabara, nenda ofisi ya TARURA wilayani ukiwa na jina la kijiji inapoanzia na inapoishia, wana orodha. Ukienda nenda na mzee kama anaweza kutembea.