Naomba ushauri: kiima na shamirisho katika kauli ya kutendwa

Wapenzi wa sarufi, naomba mnisaidie kuchanganua sentensi za kauli ya kutendwa. Katika sentensi "Mama aliwapa watoto maziwa", kiima (nomino ambayo kitenzi hupatana nayo mwanzoni) ni mama; shamirisho, yaani nomino zinazopokea athari ya tendo, ni mbili: kitondo (anayetendewa) ni watoto na kipozi (kitu kinachotendwa moja kwa moja) ni maziwa. Hapo sina shaka. Tukisema "Watoto walipewa maziwa na mama", kiambishi wa-, ambacho katika "aliwapa" kilikuwa cha mtendewa, sasa kimekaa mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo naona watoto ndio kiima cha kisarufi ingawa hawatendi lolote.

Je, maziwa yanabaki kuwa shamirisho kipozi? Nayo "na mama" tuihesabu kuwa shamirisho au chagizo (maelezo ya ziada kuhusu tendo)? Mimi naelemea kwenye chagizo, kwa sababu hata tukiiondoa, "Watoto walipewa maziwa" bado ni sentensi kamili. Lakini mtenda halisi ni mama yuleyule, na hilo ndilo linalonitatiza zaidi.

Aidha, "Barua iliandikwa na mama" ni sahihi kabisa, ilhali "Maziwa yalipewa watoto" inakwaruza masikio. Ni kanuni gani inayozuia kipozi kuwa kiima hapo? Nitashukuru kwa maelezo yenye mifano.