Naomba ushauri: nimwelezeje mama mkwe kuhusu degedege?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Tunaishi na mama mkwe huku Rufiji, na mwanangu bado mdogo. Mama anaamini degedege huletwa na ndege wa usiku, na mtoto akidungwa sindano wakati huo anakufa. Kwake ni kufukiza kinyesi cha tembo kwanza, hospitali baadaye. Majirani wengi nao husema hivyo hivyo.

Ninavyojua, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 degedege huweza kuletwa na homa tu, ila pia inaweza kuwa malaria kali iliyopanda kichwani, ambayo hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Mtoto hufikishwa amechelewa, akifa lawama inaangukia sindano. Inaniumiza sana.

Muuguzi mmoja alimwambia hizo ni "imani potofu". Mama alinyamaza, na tangu hapo hataki kusikia habari za zahanati. Nikitaja malaria, anajibu malaria ni nyingine, hii ni degedege. Na yeye ndiye anayebaki na mtoto nikienda shamba.

Mliofanikiwa kuwashawishi wazee wenu, mlianzaje mazungumzo? Nikubali afukize, mradi mtoto akimbizwe zahanati hapo hapo? Au moshi wenyewe utamdhuru?